Nifunge breki kubwa kwenye Forester, litasimama mapema kweli?

Neema_Temboni

Wakuu habari zenu. Naombeni mawazo yenu kabla sijatoa pesa.

Naendesha Subaru Forester SG5 ya 2005, injini ya kawaida isiyo na turbo, gia otomatiki, ina ABS. Siku za kazi natoka Kimara Temboni kwenda Posta kwa Barabara ya Morogoro, na wikiendi mara nyingine naenda Bagamoyo kwa mama. Wiki iliyopita jioni, mvua ndiyo kwanza inaanza kudondoka, bajaji ikakata mbele yangu pale Kimara Korogwe, dereva anatafuta upenyo wa kugeuza. Nilikuwa kwenye 60 hivi. Nilikanyaga breki mpaka mwisho. Pedeli ikaanza kunitetemesha mguu, chini kukawa na mlio wa krr krr, na gari likawa linaendelea tu kwenda. Lilisimama, bajaji ikapona, lakini nafasi iliyobaki kati yetu hata mtu asingepita. Kiti cha nyuma alikuwepo mtoto wa dada yangu. Sijalala vizuri tangu siku hiyo.

Nikapeleka gari kwa fundi. Hakufungua tairi hata moja. Akasema breki za gari hili ni ndogo tangu kiwandani, nifunge kalipa (kile kibano kinachobana pedi kwenye diski) za pistoni nne za Subaru Impreza WRX, mtumba wa Japani, na diski kubwa zenye mistari na pedi za mashindano. Rimu zangu za inchi 15 hazitapita juu ya kalipa hizo, kwa hiyo nichukue na rimu za 17 zikiwa na matairi yake, nayo ya mtumba. Jumla milioni mbili na laki tatu pamoja na ufundi. Anasema gari litasimama kwa nusu ya umbali.

Pesa hiyo naweza kuipata nikijibana. Swali langu ni moja: ni kweli? Nikifunga hivyo vitu, siku nyingine bajaji ikikata hivyo, nitasimama mapema zaidi?

Kijana_wa_Goba

Pole sana dada. Funga tu, usalama hauna bei. Gari lenye breki kubwa ni raha, unagusa kidogo tu linashika.

Fundi_Tabata

Dada Neema, pole kwa mshtuko, na tumshukuru Mungu yule mwenye bajaji alirudi kwake salama. Mimi ni fundi, gereji yangu iko Tabata, na breki ndiyo kazi niliyoanzia nikiwa kijana kwenye karakana ya malori. Naomba unisome mpaka mwisho kabla hujatoa hata mia.

Jibu umeshaliandika wewe mwenyewe. Umesema pedeli ilikutetemesha mguu na chini kukawa na mlio. Hiyo ni ABS, ilikuwa kazini. ABS haiamki mpaka tairi lifike mwisho wa uwezo wake wa kushika lami na lianze kutaka kujifunga. Maana yake hizo breki unazoambiwa ni ndogo zilikuwa na nguvu ya kutosha kulifunga gurudumu, na mashine ikawa inazilegeza na kuzibana tena mara nyingi ndani ya sekunde moja ili tairi liendelee kuzunguka na usukani wako uendelee kufanya kazi. Sasa weka kalipa yenye nguvu maradufu. Itafanya nini? Italifikisha tairi kwenye mpaka uleule, na ABS itailegeza vilevile.

Kalipa inasimamisha gurudumu. Gari linasimamishwa na ule mpira unaogusa lami, na sehemu inayogusa kwa kila tairi ni kama kiganja cha mtu mzima. Viganja vinne, basi. Breki yoyote utakayonunua, iwe ya laki moja au ya milioni kumi, nguvu yake lazima ipite hapo.

Tufanye hesabu kidogo maana hapa ndipo watu wanapoibiwa. Kwenye 60, gari linakwenda karibu mita 17 kila sekunde. Ukishtuka na kuhamisha mguu ndani ya sekunde moja, mita 17 zimeshakwenda kabla breki haijaguswa. Baada ya hapo, lami kavu na matairi mazuri, utahitaji kama mita 18 kusimama. Jumla 35. Sasa lami ikiwa imelowa na tairi limechoka, mshiko unaweza kushuka mpaka nusu, na zile 18 zinakuwa 35 au zaidi, jumla umefika mita 52. Ongezeko lote hilo limetokana na mpira na maji, breki ni zilezile. Na mvua inapoanza ndiyo mbaya kuliko ikishanyesha saa nzima, kwa sababu mafuta na vumbi vilivyokaa barabarani tangu kiangazi vinaelea juu ya lami na havijasombwa bado. Anayepita Barabara ya Mandela nyuma ya malori ya bandarini siku ya kwanza ya vuli anajua ninachosema.

Huyo aliyekuahidi nusu ya umbali amekuahidi kitu kisichowezekana. Kusimama toka 60 ndani ya mita 9 kunahitaji tairi linaloshika lami mara mbili ya tairi zuri la kawaida kwenye lami kavu. Hakuna tairi la namna hiyo unaloweza kununua ukafunga kwenye Forester ukaenda nalo Posta.

Na kilichoniudhi zaidi katika maelezo yako ni yale matairi ya mtumba. Kitu kimoja tu katika orodha yake kina uwezo wa kubadilisha umbali wako wa kusimama, nacho ni tairi, na hapo ndipo anakupa cha mtumba. Hujui limekaa jua la wapi, hujui lilizibwa nini ndani, na rimu ya 17 mara nyingi ni nzito zaidi kuizungusha na kuisimamisha. Unaweza kulipa milioni mbili na laki tatu ukapata gari linalochelewa kusimama kuliko la sasa. Naandika hili kwa uzito wote.

Kuhusu pedi za mashindano: zile zimetengenezwa zifanye kazi zikiwa na moto mkali. Asubuhi unatoka Temboni pedi imelala baridi, unaingia foleni, unatembea kwa kusogea sogea mpaka Ubungo. Lini itapata moto? Breki ya kwanza ya nguvu utakayohitaji itakukuta na pedi baridi, na pedi ya namna hiyo ikiwa baridi inashika vibaya kuliko ya kawaida.

Kabla ya kununua chochote nenda kaangalie haya. Kwenye ubavu wa kila tairi, mwisho wa maandishi yanayoanza na DOT, kuna tarakimu nne. Mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka: 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tuandikie hapa zako. Pima upepo asubuhi tairi likiwa baridi, ulinganishe na kibandiko cha kwenye mlango wa dereva, usiulize kijana wa kujaza upepo anaweka ngapi. Halafu fungua bonneti uangalie mafuta ya breki kwenye kile kikopo cha masta silinda, pampu inayosukuma mafuta ukikanyaga pedeli, yana rangi gani.

Mnyalu_wa_Viazi

Fundi shikamoo. Nimekusoma vizuri ila hapo naona umewasahau sisi. Mimi nashusha viazi toka Makambako kuja Dar na Canter. Mlima Kitonga ukiushuka vibaya, ukifika katikati pedeli inakuwa laini, harufu ya kuungua inajaa kabini, na ukikanyaga gari haliitiki. Tairi ni mpya kabisa. Hapo tatizo si mpira. Kwa hiyo usiseme breki kubwa hazina maana, kuna watu wamekufa kwa breki ndogo.

Fundi_Tabata

Marahaba kaka. Sijakusahau, nilikuwa namjibu dada wa Temboni, na safari yake na yako ni vitu viwili tofauti kabisa. Umenipa nafasi ya kueleza kazi halisi ya breki kubwa.

Breki haiui mwendo. Inaugeuza kuwa joto, na joto hilo lazima likae mahali: kwenye chuma cha diski au dramu, kisha liondoke na hewa. Ukisimama mara moja toka 60 Kimara Korogwe, joto ni dogo, diski yoyote nzima inalibeba. Lakini mlimani gari linakupa joto muda wote bila kupumzika. Hesabu yake ni hii: kila mita 25 unazoshuka wima, breki zikiachiwa kazi yote peke yake, zinabeba joto sawa na kulisimamisha gari hilohilo toka 80 mpaka sifuri. Uzito haubadilishi uwiano huo, iwe IST au semitrela. Sasa shuka mita 300. Umesimama toka 80 mara 12 mfululizo, na hakuna dakika ya kupoa katikati. Kitonga inashuka zaidi ya hapo.

Hapo mambo matatu yanatokea. Shuu, zile zinazobana ndani ya dramu, au pedi ikizidi joto lake inapoteza ushikaji, na hiyo ndiyo harufu unayoisikia. Dramu ikipata moto inatanuka na kuzikimbia shuu, kwa hiyo pedeli inashuka zaidi kabla ya kushika. Na la hatari kuliko yote, mafuta ya breki yanachemka. Mafuta hayabonyei, ndiyo maana yanaweza kusukuma pistoni, lakini mvuke unabonyea, na yakishachemka mguu wako unabonyeza mapovu mpaka pedeli inagusa sakafu.

Kwa gari la kazi yako, chuma kikubwa zaidi, shuu za daraja la juu na mafuta mazuri vina faida ya kweli, kwa sababu vinachelewesha siku hiyo ya mapovu. Zingatia neno ninalotumia: vinachelewesha. Bado kazi kubwa ya kushuka Kitonga inatakiwa ifanywe na injini. Ingia gia ya chini kabla ya mteremko, si katikati, breki ya ekzosi iwe nzima, na mguu ukanyage kwa nguvu kwa muda mfupi kisha uachie kabisa ili hewa ipite, kuliko kuuweka juu ya pedeli kwa kugusa gusa mteremko mzima. Wanaokwenda Lushoto toka Mombo na gari dogo la otomatiki nao wanahitaji hilohilo: ile L au 2 kwenye gia haikuwekwa kwa mapambo.

Kwa ufupi kaka, kama breki zako zinaweza kulifunga tairi zikiwa baridi na haziwezi zikiwa moto, breki kubwa ni dawa yako. Kama zinaweza mara zote, kama za dada Neema, si dawa.

Sadala_WRX

Fundi kwa heshima zote, mimi nimefunga kalipa za pistoni nne kwenye Impreza yangu, diski mpya, pedi mpya, mafuta mapya, hosi za nyavu za chuma. Tofauti ni usiku na mchana. Zamani ilibidi nikanyage kwa nguvu, sasa nagusa tu na mwili unavutwa mbele. Huwezi kuniambia gari halisimami mapema, mimi ndiye naliendesha.

Fundi_Tabata

Sadala, unachokihisi ni cha kweli na sikupingi hata kidogo. Ila angalia umebadilisha nini: diski mpya, pedi mpya, mafuta mapya, hosi mpya, kalipa zilizosafishwa. Gari ambalo lingepata hivyo vyote kwa ukubwa uleule wa kiwandani nalo lingekuvuta mbele. Magari mengi ninayoletewa na malalamiko ya breki ndogo yana breki mbovu. Pini za kalipa zimekwama, pedi ya ndani imeisha ya nje bado nene, upande mmoja unashika mwingine unasindikiza. Ukizifungua, ukasafisha pini na kuzipaka grisi yake ya joto, mwenye gari anadhani umembadilishia kalipa.

Halafu kuna jambo la mguu. Diski kubwa inaongeza mkono wa nguvu: kwa kukanyaga kulekule, gurudumu linapata breki zaidi. Kwa hiyo unagusa kidogo unapata kingi. Hiyo ni wepesi wa pedeli. Umbali wa kusimama ukikanyaga mpaka mwisho ni kitu kingine. Unaweza kupata wa kwanza bila kupata wa pili.

Lakini sitaki kukunyima haki yako, kwa sababu wepesi nao una thamani kwa watu fulani. Mercedes-Benz waligundua kwamba madereva wengi wakishtuka wanakanyaga haraka lakini hawakanyagi kwa nguvu ya kutosha, wanaacha uwezo wa breki bila kutumika. Ndiyo maana mwaka 1996 wakaleta mfumo unaosoma kasi ya mguu na kumalizia kukanyaga kwa niaba ya dereva. Kwa mtu wa mguu mwepesi, pedeli inayoshika mapema inaweza kweli kumpunguzia mita. Dada Neema si mtu huyo, yeye alikanyaga mpaka ABS ikaamka, na alifanya vizuri sana kutoachia pedeli ilipotetemeka. Wengi wanashtuka wanaachia.

Sasa nikuulize wewe: nyuma umefunga nini?

Sadala_WRX

Nyuma nimeacha za kiwandani.

Fundi_Tabata

Basi soma hapa taratibu. Gari likifunga breki uzito unahamia mbele, kwa hiyo matairi ya mbele yanafanya sehemu kubwa ya kazi, lakini ya nyuma nayo yana sehemu yake. Kiwanda kimegawa nguvu kati ya mbele na nyuma kwa kipimo cha gari lile, uzito ule, urefu ule. Ukiongeza mbele peke yake, matairi ya mbele yanafika mwisho wakati ya nyuma bado yana mshiko ambao haujatumika. Unaweza kupata pedeli tamu na umbali mrefu zaidi kwa wakati mmoja. Na anayefanya kinyume, akaongeza nyuma, hatari yake ni kubwa zaidi: nyuma ikijifunga kwanza kwenye lami iliyolowa, gari linageuka kichwa kuwa mkia.

Kingine ni pistoni. Kalipa yenye eneo kubwa la pistoni inahitaji mafuta mengi zaidi, na masta silinda yako ni ileile, kwa hiyo pedeli itasafiri chini zaidi. Mtu anayebadilisha vizuri anahesabu vyote pamoja: masta silinda, mbele, nyuma, rimu na tairi. Ndiyo maana wanaokwenda kwenye mashindano wanabadilisha mfumo mzima. Mbio za mashindano zinaleta joto mzunguko baada ya mzunguko, na pale breki kama za kampuni ya Brembo zinalipa kila shilingi, zinashika mzunguko wa mwisho kama wa kwanza. Kama hiyo Impreza unaikimbiza hivyo, umefanya jambo la maana, malizia na nyuma. Kama ni ya Mikocheni na Mbezi Beach, umepata pedeli nzuri na muonekano mzuri, navyo si dhambi kuvilipia ukijua unalipia nini.

Sadala_WRX

Nimekuelewa mzee. Nitakuja Tabata na gari tuangalie huo uwiano.

Neema_Temboni

Fundi shikamoo, na asanteni wote. Nimefanya ulivyosema.

Matairi ya mbele yameandikwa 1115, ya nyuma 0914, yote manne yana nyufa ndogo ndogo ubavuni. Yalikuja na gari toka Japani na mifereji bado inaonekana ndefu, ndiyo maana sikuwa na wasiwasi nayo. Upepo ulikuwa pungufu kwenye yote, la nyuma kushoto pungufu zaidi. Mafuta ya breki yana rangi ya kahawa. Nikamwomba kijana wa gereji nyingine ya jirani afungue magurudumu ya mbele, akasema pedi ya ndani upande wa kulia imebaki nyembamba sana na ya nje nene. Shokapu za nyuma zimelowa mafuta.

Kwa hiyo nina bajeti ileile. Naanza na nini, na nisidanganywe wapi?

Fundi_Tabata

Marahaba. Sasa tunaongea lugha moja.

Anza na matairi manne mapya, ya ukubwa uleule ulioandikwa kwenye kibandiko cha mlango. Urefu wa mifereji ulikudanganya. Mpira wenye umri huo unakakamaa, na mpira mkakamavu hauingii kwenye vinundu vya lami, hasa ikilowa. Kampuni kadhaa za matairi zinasema tairi lisivuke miaka 10 tangu kutengenezwa hata kama linaonekana zima, na kuegeshwa juani mchana kutwa mjini kwetu kunalizeesha haraka zaidi. Subaru inayosukumwa na magurudumu yote manne inataka matairi manne yanayolingana, usinunue mawili. Na dukani soma zile tarakimu nne kabla hujalipa, tairi jipya lililolala stoo miaka mitano si jipya.

Hayo matairi ndiyo yatakayobadilisha zile mita za Korogwe. Mengine yanafuata.

Shokapu usizidharau. Tairi likidundadunda, kila linaponyanyuka kidogo breki yake haina kazi. Zilizolowa mafuta zimekwisha, badilisha zote mbili za nyuma pamoja.

Kwenye kalipa, ile pedi moja nyembamba inaonyesha pini au pistoni imekwama. Afungue pande zote mbili, asafishe, apake grisi ya breki, na kama mpira wa pistoni umepasuka aweke mpya. Kagua pia mipira ya breki, ile hosi inayokwenda kwenye kalipa: ikiwa na nyufa au inavimba mtu akikanyaga pedeli, ibadilishwe.

Pedi nunua za kawaida za barabarani toka duka linalokupa risiti. Feki zipo nyingi Kariakoo na kwingine, zinafungwa kwenye boksi zuri kabisa. Angalia maandishi ya kwenye pedi yenyewe, pedi nyingi zina msimbo unaoishia na herufi mbili, kwa mfano FF au GG. Ya kwanza ni ushikaji wa joto la kawaida, ya pili ni wa moto. E ni dhaifu, F ni ya kati na inakutosha, G inashika zaidi. Isiyo na maandishi yoyote iache palepale. Diski zako zipimwe unene, kiwango cha chini mara nyingi kimechongwa kwenye diski yenyewe. Zikiwa bado zipo juu ya hapo, zisawazishwe tu. Usiweke za matundu, zinapasuka kuanzia kwenye tundu, na zenye mistari zitakula pedi na kukupigia kelele bila faida kwa mwendo wako.

Mafuta ya breki yatolewe yote, si kuongezea juu. Yanavuta unyevu wa hewa, na hewa ya mji huu ina unyevu mwaka mzima. DOT 4 mpya inachemka kuanzia nyuzi 230, ikishanyonya maji inaweza kushuka mpaka 155. Chupa ifunguliwe mbele ya macho yako, usikubali iliyokaa wazi kwenye rafu. Baada ya hapo badilisha kila miaka miwili. Na fundi atoe hewa kwenye magurudumu yote manne mpaka yatoke mafuta safi bila povu.

Busta, kile kifaa kinachousaidia mguu wako kukanyaga breki, unaweza kuijaribu mwenyewe: injini ikiwa imezimwa, kanyaga breki mara kadhaa mpaka pedeli iwe ngumu, shikilia, kisha washa. Pedeli inatakiwa izame kidogo chini ya mguu. Isipozama niambie.

Ukifanya yote hayo kwa bei za kawaida sidhani utafika milioni mbili na laki tatu, na kama utafika, utakuwa umenunua mita za kweli.

Mnyalu_wa_Viazi

Dada ongeza na hili toka kwa mtu wa barabarani: pale Kimara shusha mwendo tu kabla ya vituo. Bajaji na boda hazitabiriki.

Fundi_Tabata

Kaka amesema la maana kuliko mimi, na hesabu inamuunga mkono. Chukua magari mawili yanayofanana, moja 60 jingine 70, madereva wakanyage breki mahali pamoja. Pale la 60 linaposimama kabisa, la 70 bado linapita likiwa na 36 hivi. Tofauti ya kilomita 10 juu inakuwa 36 kwa mwenye bajaji. Hakuna kalipa inayouza hiyo.

Neema_Temboni

Hiyo ya 36 imenishtua kweli. Matairi nayanunua Jumamosi, kalipa na pedi wiki ijayo. Pedi zikishafungwa naweza kuingia nazo barabarani moja kwa moja?

Fundi_Tabata

Zinaingia, lakini siku ya kwanza hazijashika vizuri, zinatakiwa zilaliane na diski. Tafuta asubuhi ya Jumapili barabara ikiwa tupu, hakikisha nyuma yako hakuna mtu. Nenda mpaka 60, punguza kwa breki ya wastani mpaka 10 bila kusimama kabisa, ongeza tena mpaka 60, rudia mara nane au kumi ukiacha nafasi kidogo katikati. Kisha endesha dakika kama kumi bila kugusa breki sana ili zipoe na upepo. Muda huo diski zikiwa bado za moto usisimame ukashikilia pedeli, pedi itaacha alama kwenye diski na utaanza kusikia mtetemo kwenye usukani. Ukilazimika kusimama, weka P uachie mguu.